Kitabu kikipunguzwa, nini kibaki?

Kuna swali ambalo wapenzi wa vitabu na wapenzi wa sinema wamekuwa wakibishania kwa miaka mingi. Swali lenyewe ni hili: mtu akichukua kitabu kikubwa, kitabu kinachopendwa na mamilioni ya watu, akataka kukigeuza filamu, ana ruhusa ya kukata nini? Wiki hii nimeonelea tulizungumze jambo hilo kwa kutumia mfano mmoja tu, maana mifano ikizidi mazungumzo hupotea njia. Mfano wangu ni kitabu cha Mwingereza J.R.R. Tolkien kiitwacho The Lord of the Rings, ambacho kwa lugha yetu tungeweza kukiita Bwana wa Pete, pamoja na filamu tatu zilizotokana nacho, ambazo zilitoka Desemba ya mwaka 2001, Desemba ya 2002 na Desemba ya 2003.

Najua wengi wenu mmeziona filamu hizo, kama si katika jumba la sinema basi katika banda la video au nyumbani kwa jirani. Waliokisoma kitabu ni wachache, wala sishangai, kwa kuwa ni kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ameziona filamu zote tatu zaidi ya mara moja, aliponiona nimekishika kitabu aliniuliza kama kiliandikwa kutokana na filamu. Sikumcheka. Kwa watu wengi duniani hivi sasa, filamu ndiyo kitabu chenyewe. Na hapo ndipo uzito wa swali letu ulipo. Anayekata kitabu ili apate filamu hawakatii wale waliokwisha kukisoma; hao wanacho kitabu chao rafuni. Anawakatia wale ambao hawatakisoma kamwe.

Kwanza tukumbushane hadithi. Katika nchi ya kubuni iitwayo Middle-earth kuna pete moja ambayo mtawala mwovu aliifua na kuweka ndani yake sehemu kubwa ya nguvu zake, kisha pete ikampotea. Baada ya miaka mingi sana ikaangukia mikononi mwa Frodo, wa kabila la Hobbit, watu wafupi, wapenda chakula na bustani, wasiojua vita. Kila anayeitamani pete huharibika: mwovu kwa uovu wake, na mwema kwa wema wake, maana mwema naye hujisemea moyoni kwamba akizipata nguvu zile atatenda mema matupu. Kwa hiyo shauri linakatwa kwamba pete isitumiwe na mtu yeyote, bali ipelekwe kwenye mlima wa moto ilikofuliwa, ikateketezwe huko. Hadithi nyingi za zamani ni za watu wanaosafiri kwenda kutafuta hazina. Hii ni ya watu wanaosafiri kwenda kuitupa.

Na mtunzi alikuwa nani? Tolkien alizaliwa mwaka 1892 huko Bloemfontein, Afrika Kusini, akalelewa Uingereza, na baadaye akawa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1916, akiwa askari kijana, alipigana katika vita vya Somme kule Ufaransa. Mwenyewe aliandika baadaye kwamba ilipofika mwaka 1918 rafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Likumbukeni jambo hilo, maana tutalirudia. Mwaka 1937 alitoa kitabu kidogo cha watoto, The Hobbit. Kikapendwa, na wachapishaji wakamwomba mwendelezo. Alianza kuuandika mwisho wa mwaka huo huo, akidhani ni kazi ya muda mfupi. Kitabu kilichapishwa mwaka 1954 na 1955, kikiwa katika juzuu tatu, si kwa kuwa ni vitabu vitatu, bali kwa sababu baada ya vita karatasi ilikuwa ghali na mchapishaji aliogopa hasara.

Haikupita miaka mingi, watu wa filamu wakabisha hodi. Mnamo mwaka 1957 Wamarekani fulani walimpelekea Tolkien muhtasari wa filamu waliyotaka kuitengeneza. Mwaka uliofuata, 1958, mzee aliusoma mstari kwa mstari na kuujibu kwa barua ndefu ambayo imechapishwa pamoja na barua zake nyingine. Hakuwakatalia kupunguza. Watu wengi hudhani kwamba waandishi hukasirika wakipunguziwa maneno yao. Kumbe lililomuudhi Tolkien halikuwa kupunguza. Aliudhika kuona mapigano yameongezwa chumvi, tai wakubwa wanawabeba watu ovyo kana kwamba ni teksi, na mambo yasiyokuwamo kitabuni yamechomekwa. Alisema, kwa maana na si kwa maneno yake hasa, kwamba kosa la filamu mbaya ni mtengenezaji kutokujua kiini cha hadithi kiko wapi. Akaongeza jambo la kushangaza. Kama hakuna nafasi ya kuonyesha vizuri vita vya ile ngome iitwayo Helm's Deep na pia habari za wale viumbe walio kama miti, basi kimojawapo kiachwe, na kinachofaa kuachwa ni vita.

Ndugu zangu, mwenye kitabu mwenyewe ndiye aliyesema hivyo. Mtu akinambia kwamba kupunguza kitabu ni dhambi, mimi humjibu kwa barua hiyo. Kupunguza si dhambi. Mwenye kupika biriani kwa ajili ya watu kumi, akiambiwa wageni watakaofika ni wanne, hupunguza mchele, hupunguza nyama, hupunguza na viungo, lakini biriani inabaki biriani. Asipoweka nyama kabisa, chakula kile kitafute jina jingine.

Mwaka 1969 haki za filamu ziliuzwa kwa kampuni ya United Artists. Mwongozaji John Boorman na mwenzake wakaandika mswada wa kukitia kitabu kizima katika filamu moja. Filamu hiyo haikutengenezwa. Mwaka 1978 akaja Ralph Bakshi na filamu ya katuni, iliyochorwa juu ya picha za waigizaji wa kweli. Ilianza mwanzo wa hadithi ikaishia katikati. Watazamaji waliokwenda kuona mwisho wa pete walitoka nje pete ikiwa bado shingoni mwa Frodo, na sehemu ya pili ya filamu ile haikutengenezwa hata leo.

Hapa naomba nijisifie kidogo kwa niaba ya chombo chetu hiki tunachosikilizana. Kazi ya kwanza ya kuigiza iliyokitendea haki kitabu hiki kwa Kiingereza, kwa maoni yangu, haikuwa ya sinema. Ilikuwa ya redio. Mwaka 1981 BBC ilitangaza mchezo wa sehemu 26, kila sehemu nusu saa, yaani saa 13 kwa jumla. Walioandika mchezo huo, Brian Sibley na Michael Bakewell, nao walikata. Walimwondoa yule mzee wa porini Tom Bombadil, anayeimba na kucheza katika sura za mwanzo. Lakini waliiweka sehemu ya mwisho, ile ya mashujaa kurudi nyumbani. Aliyeigiza sauti ya Frodo alikuwa Ian Holm, na miaka 20 baadaye akaonekana katika filamu akiwa mzee Bilbo, yule ndugu yake Frodo aliyemwachia pete.

Sasa tuje kwa filamu zenyewe. Peter Jackson ni mtu wa New Zealand, na kabla ya hapo alijulikana zaidi kwa filamu ndogo, nyingine za kutisha. Yeye na wenzake, Fran Walsh na Philippa Boyens, waliandika mswada wa filamu mbili. Kampuni iliyokuwa nao kwanza iliona gharama ni kubwa mno, ikataka filamu moja tu. Jackson akakataa, akapewa muda mfupi wa kutafuta mwingine wa kumsaidia. Akaenda kwa kampuni ya New Line mwaka 1998, na mkuu wa kampuni hiyo, Robert Shaye, akauliza kwa nini zitengenezwe filamu mbili wakati juzuu ni tatu. Kwa hiyo ile hofu ya gharama ya karatasi ya miaka ya 1950, iliyokigawa kitabu mara tatu, ndiyo iliyokuja kuamua idadi ya filamu nusu karne baadaye.

Picha za filamu zote tatu zilipigwa kwa mkupuo mmoja, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, siku 274 za kazi. Pimeni wenyewe ujasiri huo. Filamu ya kwanza ingeanguka, nyingine mbili zilikuwa zimekwisha kulipiwa na kupigwa picha, hakuna kurudi nyuma. Gharama zilifika karibu dola milioni 280. Kijiji cha Hobbit kilijengwa katika shamba la kondoo na bustani zake zikapandwa mapema, ili siku ya kupiga picha maua na mboga viwe vimeota kweli. Mapato yakawa karibu dola bilioni 3, na tuzo za Oscar zikawa 17 kwa jumla. Filamu ya tatu peke yake ilichukua 11, ikalingana na Ben-Hur ya mwaka 1959 na Titanic ya mwaka 1997.

Lakini fedha na tuzo si jibu la swali letu. Tuangalie mkasi ulipita wapi.

Kuna mahali ulipita vizuri. Tom Bombadil aliondolewa, kama redio ilivyofanya, na hadithi haikutetereka. Katika kitabu, kati ya siku Bilbo anapoondoka na siku Frodo anapoanza safari inapita miaka 17. Katika filamu muda huo hauonekani kuwa mrefu, na hakuna aliyepata hasara. Katika kitabu historia ya pete inasimuliwa katika baraza refu, watu wamekaa wanazungumza. Filamu imeichukua historia hiyo ikaiweka mwanzo kabisa, kwa picha za vita na sauti ya mwanamke anayesimulia, na katika dakika chache mtazamaji ambaye hajasoma lolote amekwisha kuelewa.

Kuna pia maneno yaliyohamishwa badala ya kukatwa. Katika kitabu, mzee Gandalf, mwenye hekima na nguvu za ajabu, anamweleza Frodo kuhusu huruma wakiwa bado nyumbani, mwanzoni mwa hadithi. Frodo anasikitika kwamba Gollum, yule kiumbe aliyeharibiwa na pete, hakuuawa Bilbo alipokuwa na nafasi. Gandalf anamjibu kwamba ilikuwa huruma iliyomzuia Bilbo, na kwamba asiyeweza kumrudishia marehemu uhai wake asiwe na haraka ya kuhukumu watu wafe. Filamu imeyahamishia mazungumzo hayo ndani ya pango lenye giza, katikati ya hatari, Gollum mwenyewe akiwafuata nyuma kwa kunyata. Mimi nasema pale yamepata nguvu zaidi. Huo ndio ufundi wa mtu anayejua kiini kiko wapi.

Maana kiini cha kitabu, kama nilivyokisoma mimi, ni hicho: huruma. Frodo anafika kwenye ukingo wa moto, na pale pale anashindwa. Anakataa kuitupa pete, anasema ni yake. Shujaa wetu ameshindwa! Kinachookoa dunia ni kwamba Gollum yu hai, kwa sababu Bilbo alimhurumia, Frodo akamhurumia, na Sam, mtumishi wa Frodo, mwishowe naye akamhurumia. Gollum anamng'ata Frodo kidole na kuinyakua pete, anaruka kwa furaha, anakosea hatua, anaanguka motoni nayo. Huruma ya watu wadogo watatu imefanya kazi ambayo panga na majeshi yasingeweza kuifanya.

Sasa tazameni filamu. Kushindwa kwa Frodo kumo, kidole kumo, furaha ya Gollum imo. Lakini kisha Frodo anainuka, anamrukia Gollum, wanapigania pete, na katika kung'ang'aniana huko wote wawili wanavuka ukingo. Gollum anaangukia motoni, Frodo ananing'inia mpaka Sam anamvuta. Ni mabadiliko ya sekunde chache tu. Lakini katika sekunde hizo huruma imepunguzwa kazi yake, na mieleka imepewa nafasi. Mtazamaji wa sinema amezoea shujaa apigane mpaka mwisho, na hapa amepewa alichozoea.

Na ile ngome ambayo Tolkien alisema kama nafasi ni ndogo vita vyake viachwe? Vita hivyo ndivyo vilivyokuwa kilele cha filamu ya pili, mvua inanyesha, kuta zinabomoka. Sikatai kwamba vinasisimua. Nakumbusha tu kwamba mwenye hadithi alipoulizwa alichagua vingine.

Lakini mkato unaonisumbua zaidi ni wa mwisho. Katika kitabu, baada ya pete kuteketezwa, Hobbit wanne wanarudi kwao, wakidhani shida zimekwisha. Wanakuta miti imekatwa, nyumba zimebomolewa, kinu cha kijiji kimegeuzwa mtambo wa kuchafua mto, mazao yanakusanywa na kupelekwa kusikojulikana kwa jina la kugawana sawa, na kila ukuta una orodha ya amri. Wahuni wa kutoka nje wanatawala, na baadhi ya wenyeji wanawatumikia. Hao wanne, ambao walikwenda kuokoa dunia, hawana budi kuanza upya mlangoni kwao. Wanawaamsha watu, wanapigana. Hobbit 19 wanakufa. Frodo hauchomoi upanga. Anazunguka akiwazuia watu wake wasiwaue adui waliokwisha kujisalimisha.

Tolkien aliandika katika dibaji yake kwamba sehemu hiyo ni ya lazima katika hadithi, na kwamba aliiona tangu mwanzo. Alikanusha kwamba ni fumbo la siasa za Uingereza baada ya vita vya 1939 hadi 1945. Haya, tusimlazimishie fumbo. Lakini aliyekwenda vitani kijana na kurudi akiwa amepoteza rafiki zake wote isipokuwa mmoja hahitaji fumbo ili kujua kwamba vita vina njia ya kufika nyumbani.

Filamu imeikata sehemu yote hiyo. Kijiji kinachoungua kinaonekana kwa muda mfupi tu katika filamu ya kwanza, kama maono ndani ya maji, jambo linaloweza kutokea ambalo halitokei. Katika filamu ya tatu Hobbit wanne wanarudi, majani ni ya kijani, jirani anafagia, na baa imejaa watu wanaocheka. Hakuna kilichoharibika. Ni wao tu waliobadilika, wanatazamana kimya juu ya vikombe vyao.

Nawatendea haki waliofanya hivyo. Wana hoja. Filamu ya tatu ilikuwa imekwisha kufika zaidi ya saa tatu, na hata hivyo watu walinung'unika kwamba ina miisho mingi. Baada ya mlima kulipuka na mfalme kuvikwa taji, nani angekaa kitini kutazama vita vingine vya kijijini? Tena lile baa lenye ukimya wa watu wanne lina ukweli wake: wako askari wengi waliorudi makwao wakakuta kila kitu kiko vilevile, isipokuwa wao. Hoja hiyo naielewa na naiheshimu.

Hata hivyo fikirini tofauti yake. Filamu inasema: vita viko mbali, huko kwa wafalme, na mashujaa wakivimaliza nyumbani kunabaki salama. Kitabu kinasema: ukichelewa kulinda kwenu, utakuta wamekwisha kuingia, na wengine wamefunguliwa mlango na ndugu zako. Hayo ni maelezo mawili tofauti juu ya dunia, na mamilioni waliona moja tu wakidhani ni yote. Christopher Tolkien, mtoto wa mtunzi, aliyetumia maisha yake kuhariri maandishi ya baba yake mpaka alipofariki mwaka 2020, alisema hadharani mwaka 2012 kwamba filamu hizo zimekitoa kitabu utumbo wake na kukigeuza kuwa mapigano ya kuwafurahisha vijana. Mimi sifiki huko. Naona amekuwa mkali kupita kiasi, kwa sababu filamu imehifadhi mengi, tena kwa mapenzi. Lakini uchungu wake nauelewa.

Kama kukata kunaweza kudhuru, je, kutokukata kunasaidia? Wapo wanaosema dawa ni kuweka kila kitu. Basi watazame lililofuata. Mwaka 2012, 2013 na 2014 Jackson huyohuyo alitoa filamu tatu za The Hobbit, kile kitabu kidogo cha watoto cha kurasa kama 300. Awali zilitakiwa kuwa mbili. Julai 2012 ikatangazwa kwamba zitakuwa tatu. Linganisheni: kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja kilipewa saa zaidi ya 9, na kitabu cha kurasa 300 kikapewa karibu saa 8. Nafasi ilipozidi, ikabidi ijazwe. Akaingizwa mwanamke mpiganaji ambaye hayumo kitabuni, yakaingizwa mapenzi kati yake na mmoja wa vibeti, akaingizwa Legolas ambaye katika kitabu kile hatajwi kabisa. Fedha zilipatikana, tena karibu kama za mara ya kwanza. Lakini ile hadithi ya mtu mdogo aliyetolewa nyumbani kwake bila kutaka, akarudi na akili mpya, ilizama kama sukari kidogo katika pipa la maji.

Kwa hiyo tatizo si mkasi. Mkasi ni chombo tu. Filamu za kwanza zilikatwa sana zikapona. Za pili ziliongezwa sana zikadhoofika. Alilolisema mzee Tolkien mwaka 1958 ndilo lililobaki kweli: swali ni kama mkataji anajua kiini kiko wapi.

Mtaniuliza, na sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu na sisi tunavyo vitabu vya namna hiyo, na tunao vijana wenye kamera. Shaaban Robert alituachia Kusadikika mwaka 1951, nchi nzima iliyoning'inia angani, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Hicho cha pili chenyewe kina asili katika visa vya Alfu Lela Ulela, ambavyo Shaaban Robert alivichukua akavifanya vyetu, wala hakuna aliyemlaumu.

Tuseme kesho kijana wetu mmoja anataka kukifanya Adili na Nduguze filamu. Atakuta humo jini, atakuta bahari, atakuta ndugu wawili wenye wivu wanaomtosa ndugu yao majini, wakageuzwa manyani, na kila usiku Adili analazimika kuwachapa huku moyo unamuuma. Ni picha za kuvutia hizo! Kompyuta za siku hizi zinaweza kumtengeneza nyani anayelia machozi. Na jaribu litakuwa kubwa la kuijaza filamu viboko na majini, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyouza tiketi. Lakini kitabu hakiishii kwenye viboko. Kinaishia ndugu waliokosa wanapoombewa msamaha, wakarudishiwa umbo lao la kibinadamu. Atakayekata hapo atakuwa ametuonyesha manyani tu.

Ndiyo maana nasema wasomaji wasiwaonee aibu watu wa filamu kuwauliza maswali, na watu wa filamu wasiwaone wasomaji kuwa wakorofi. Msomaji akilalamika kwamba sura fulani haimo, mwulize: je, bila sura hiyo hadithi imebadilika maana, au wewe umeikosa tu kwa kuwa uliipenda? Na mtengenezaji akisema nafasi haikutosha, mwulize: nafasi uliyokuwa nayo uliitumia kwa nini? Kwa maswali hayo mawili ubishi mwingi ungekwisha mapema, tena bila kutukanana.

Biashara ya pete bado inaendelea. Mwaka 2022 Amazon ilianza kuonyesha tamthilia ya televisheni ya The Rings of Power, na mwaka 2024 ikatoka filamu nyingine ya katuni. Zitakuja nyingine, maana pete hii, kama ile ya hadithini, haitaki kumwachia mtu aliyekwisha kuishika. Nanyi mtakaozitazama, zitazameni kwa furaha. Ila kitabu kikikuangukia mkononi, anza na ile sura ya karibu na mwisho, ya Hobbit wanne waliorudi kwao wakakuta miti imekatwa. Ni kurasa chache. Usome, kisha uamue mwenyewe kama walikuwa na haki ya kuiacha.

Wiki ijayo, Mungu akitujalia, tutakuwa na jambo jingine. Kwaherini.